Kidole Alichokosa Bibi Mwanawetu

Kila asubuhi Kulthum alifagia mbele ya duka la baba yake mtaani Kansanga, kisha akamngoja rafiki yake Nabwire waende shule. Wiki ile alifagia haraka haraka. Bibi yake, Mwanawetu, alikuwa amekuja kutoka makazi ya waliougua ukoma, na Kulthum hakutaka aonekane. Bibi alipona zamani, lakini ugonjwa ulimwacha bila vidole.

"Yule ni nani?" Nabwire aliuliza.

"Mpita njia tu. Ameomba maji."

Bibi alikuwa mlangoni. Alisikia, akarudi ndani.

Msimamizi mpya wa makazi alitaka kila mzee aliyepona alete karatasi ya utambulisho yenye muhuri wa serikali, la sivyo ahame. Bibi alikuwa ameishi kule miaka thelathini. Nyumba yake ilikuwa huko, na huko ndiko muuguzi alikomfunga vidonda vya miguu kila wiki.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwisho ya kupata muhuri huo. Sukari ilikuwa adimu, na Baba alikuwa kwenye foleni ya kuinunulia duka tangu alfajiri, kwa hiyo Kulthum ndiye aliyempeleka Bibi kwenye ofisi ya serikali, Nakawa. Lo! Ndani wamekaa Nabwire na mama yake, wakingoja zamu yao. Kulthum akasogea dirishani, akajifanya anamtazama askari wa getini.

Karani, Mzee Taban, alimsogezea Bibi kidau cha wino. "Mama, weka dole gumba hapa."

Bibi akainua mikono. Watu wakarudi nyuma.

"Basi nani anajua wewe? Ndugu yako aandike jina. Kama hakuna, mimi hapana piga muhuri."

Bibi alimtazama Kulthum mara moja, akainama. "Sina mtu, baba. Mimi mpita njia tu."

Kulthum aliuonea aibu ulimi wake mwenyewe, hata machozi yakamtoka.

"Ni bibi yangu!" alisema. "Amemzaa baba yangu. Nilimkana."

Akaandika jina lake. Mama Nabwire akainuka, akaandika lake chini yake. "Huyu bado mtoto. Mimi ni jirani yao, nashuhudia." Muhuri ukagongwa: Bibi atakaa na kutibiwa makazini maisha yake yote.

Nje, Kulthum alipiga magoti. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Ila ujue, ukoma wangu ulipona kwa vidonge. Uongo dawa yake ni moja: kusema kweli mbele ya wale wale uliowadanganya. Ni chungu, lakini leo umeimeza."

Aibu haikumwisha Kulthum siku ile. Hata hivyo alimshika Bibi mkono, wakapita sokoni Nakawa mchana kweupe.