Mifuko Mitatu ya Alphonce

Nyumbani kwa Alphonce mfuko wa mbolea hautupwi. Ukishamalizika shambani unarudi nyumbani, unafuliwa, unaanikwa, kisha unaanza maisha ya pili. Anayeupangia kazi ni mke wake, Yasinta. Mmoja ni pazia la bafuni. Miwili imeshonwa pamoja, inaanikiwa mtama. Mwingine umekunjwa mara nne, ni matandiko ya punda. Banda la kuku limeezekwa kwa mifuko. Hata kigoda cha wageni kimevishwa mfuko, ili mgeni asichafue nguo.

Alphonce alipita katikati ya mifuko hiyo kila siku bila kuiona, kama mtu asivyoiona pua yake. Alichokiona yeye ni vitunguu. Alikuwa na ekari moja kando ya ziwa, hatua kumi na tano kutoka majini. Vitunguu vyake vikishushwa sokoni Misigiri, wanunuzi waliacha chai ipoe.

Siri yake, alivyosema mwenyewe, ilikuwa kutokuwa bahili. Jani likionyesha manjano kidogo, anarusha mbolea ya urea. Likinyooka, anarusha tena kulipongeza. Kisha yeye na Yasinta wanamwagilia kwa keni mpaka matuta yanalowa chapachapa. Maji ya ziada yalishuka kwenye mtaro na kurudi ziwani. Hakuna aliyeyauliza yamebeba nini.

Mwaka huo ziwa likajibu. Mwezi wa Julai utando wa kijani ulitanda ukingoni, mzito kama uji uliopoa. Harufu yake ilifika mpaka shuleni. Perege walielea tumbo juu. Ng'ombe wa jirani yao, Nathanaeli, walifika majini, wakanusa, wakageuka. Ikabidi Nathanaeli awapeleke kunywa kwenye bwawa la kijiji cha pili, nusu siku kwenda na kurudi. Kila alipopita kwa Alphonce alikuwa na la kusema.

"Mwenyekiti," aliita siku moja kutoka njiani, "ng'ombe wangu wanauliza mmepika nini humo ziwani."

Alimwita mwenyekiti kwa sababu Alphonce aliongoza kikundi cha wakulima kumi na wawili wenye bustani ukingoni. Mwenyekiti alijibu kwamba ni joto la mwaka huu. Nathanaeli akasema joto hilo linanuka ajabu, akaswaga ng'ombe wake.

Haikupita wiki mbili, ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mtendaji alieleza kwamba sheria ya mazingira hairuhusu kulima ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa. Wenye bustani wavune walichopanda, baada ya hapo wahamie juu.

Alphonce akapiga mahesabu kichwani. Ekari yake yote ilikuwa ndani ya mita hizo. Huko juu alikuwa na shamba la marehemu baba yake, lakini kavu. Kupandisha maji mlimani na keni mbili mikononi, safari mia kwa siku, ni kazi ya kumuua mtu na mke wake. Bila maji hakuna vitunguu. Na bila vitunguu, Alphonce hakujua angekuwa nani.

Ndipo akasimama Rukaiya, bibi shamba wa kata, binti wa rika la mtoto wao Flora. Alisema halmashauri imetenga fedha za ruzuku kwa ajili ya kulitunza ziwa. Akafafanua kwamba ruzuku si mkopo. Ni fedha za umma, na kikundi hakizirudishi, mradi kizitumie kwa kazi kiliyoombea. Kikundi kinachotaka kupunguza mbolea inayoingia ziwani kinaweza kuomba pampu ya umeme wa jua, tangi, mabomba na miche ya majani ya kuzuia udongo. Kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Kilete muhtasari wa kikao kilichokubali kuomba, pamoja na barua ya mtendaji. Mwisho wa kupokea fomu ni tarehe thelathini Agosti.

Kikundi cha Alphonce kilikuwa na usajili, katiba na akaunti; muhtasari na barua havikuwa kazi kubwa. Alirudi nyumbani huku akiisikia pampu ikinguruma moyoni.

Jioni akakaa na fomu. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Kwenye ukurasa wa tatu akaweka kalamu chini. Fomu iliuliza: kwa msimu mmoja kikundi kinatumia mifuko mingapi ya mbolea? Bustani ziko umbali gani kutoka ziwani? Hali ya maji ikoje?

Hapo lazima tumwelewe. Katika ukoo wao, mtu wa serikali akiuliza una ng'ombe wangapi, jibu ni nusu. Babu yake alijibu hivyo, na baba yake pia, maana ng'ombe akishahesabiwa kesho yake anaweza kudaiwa kodi. Alphonce hakuwa na ng'ombe, lakini mazoea ya kujibu alikuwa ameyarithi. Akaandika: mifuko mitatu. Mita sabini. Maji ni safi.

Yasinta alikuwa amesimama nyuma yake na taa.

"Baba Flora, hiyo mitatu ni ya kikundi kizima, au ni ile ya banda la kuku tu?"

"Hii ni karatasi ya serikali, Mama Flora. Mtu anayejisema vibaya mwenyewe, nani atampa hela?"

Yasinta akaisogeza taa karibu na ile mitatu. Alikuwa na namna yake ya kusogeza taa ambayo Alphonce hakuipenda.

Tarehe ishirini na moja Agosti pikipiki ya Rukaiya ikasimama uani. Akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Alikuwa ameishika fomu ileile. Kamati ya halmashauri imeirudisha, alisema, na akasoma walichoandika chini yake:

"'Kikundi hiki hakina tatizo ambalo ruzuku hii imelengwa kulitatua. Tunakipongeza.'"

Alphonce alitabasamu kwa kupongezwa. Kisha tabasamu likaanza kuondoka lenyewe, polepole.

"Baba," alisema Rukaiya, "umeenda kwa daktari kuomba dawa, halafu ukamwambia huumwi."

Alphonce akashikilia palepale. Alisema wao ni wakulima wadogo, mbolea wanainusa tu. Rukaiya hakubishana. Aliomba maji ya kuondoa vumbi la safari, na Yasinta akamwonyesha bafuni. Alipotoka alikuwa anahesabu kwa sauti. Pazia, mmoja. Kwenye mtama, miwili, inakuwa mitatu. Akazunguka banda la kuku, akafika kumi na mmoja. Akainama, akatazama kigoda alichokuwa amekalia, kumi na miwili. Kisha akamwona punda.

"Na huyu naye ni mwanakikundi?"

Yasinta alijifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yalimsaliti.

"Ni sita kila msimu, mwanangu," alisema alipomaliza kucheka. "Sita kwa ekari yetu hii moja. Kila mfuko unapita mikononi mwangu."

Alphonce alimtazama mke wake, akatazama banda la kuku. Ilikuwa kana kwamba mifuko ile imeletwa pale dakika hiyo. Akauliza kwa sauti ya chini, na hili lilikuwa swali lake la kweli tangu mwanzo:

"Nikiandika sita, si nitakuwa nimejifunga mwenyewe?"

"Agizo la kuhama mmeshapewa, baba. Sita au mitatu, mtahama tu. Fomu hii haitafuti mkosaji. Kamati inataka kujua mtapunguza kutoka wapi hadi wapi. Mtu wa mifuko mitatu kwa watu kumi na wawili atapunguza nini? Mimi siwaahidi kwamba mtapata, kamati ndiyo inaamua. Ila kwa uongo hamtapata."

Wakashuka wote watatu hadi bustanini. Rukaiya alichota udongo, akauacha upite katikati ya vidole. Ulikuwa kichanga kitupu. Alieleza kwamba urea ina naitrojeni, nayo ni chakula cha majani. Kitunguu kinakula kidogo kidogo, kama mtoto mchanga. Ukikimwagia chungu kizima, kinakula chake, na kinachobaki kinayeyuka na kuondoka na maji. Ziwani nako kuna mimea midogo sana, isiyoonekana kwa macho mpaka iwe mingi. Inapokea chakula kile na kuzaana, ndiyo ule utando. Ikifa inaoza, na kuoza kwake kunamaliza hewa ndani ya maji. Samaki wanakosa pumzi.

Udongo upimwe kwanza, aliendelea, lakini kwa ekari kama ile mifuko miwili na nusu huwa inatosha. Igawanywe mara tatu. Ichimbiwe kando ya shina na kufukiwa, isirushwe juu. Na mawingu mazito yakionekana, mkulima asubiri.

Alphonce alihesabu kwa vidole.

"Kwa hiyo mifuko mitatu na nusu, kila msimu, nilikuwa nalisha ziwa?"

"Ulikuwa unalisha ziwa, baba. Tena kwa bei ya dukani."

Hilo lilimwingia kuliko sheria yote ya mtendaji.

Zilibaki siku tisa. Kesho yake kikundi kilikaa uani kwake. Rukaiya aliuliza kila mtu anatumia mifuko mingapi. Leonard, mweka hazina, akasema mmoja, na mwaka ukiwa mbaya mmoja na nusu. Wa pili yake akasema mmoja. Wa tatu akasema yeye huazima kidogo kwa jirani. Alphonce aliwasikiliza na akaisikia sauti ya baba yake akihesabu ng'ombe. Akasimama.

"Mimi ni sita. Na niko hatua kumi na tano kutoka majini, si mita sabini. Niliandika uongo, fomu ikarudi. Sasa kila mtu aende kwake akalete mifuko mitupu ya msimu huu. Midomo yetu ipumzike."

Watu wakatazamana. Kisha mke wa Leonard akacheka, akanyanyuka, na wengine wakafuata. Mapazia yakashushwa, matandiko yakavuliwa punda, na kuku wa kijiji kile walilala bila paa siku hiyo. Kufikia saa kumi na moja lundo lilikuwa limefika kiunoni. Yasinta alitenga ya misimu ya nyuma, akahesabu iliyobaki mara mbili. Mifuko sitini na mmoja.

Nathanaeli alikuwa ameegemea fito za uzio, akicheka mpaka machozi.

"Mitatu," alisema. "Mwenyekiti wetu bwana. Mitatu."

"Na wewe, baba," Rukaiya alimgeukia, "ng'ombe wako walipokuwa wakiingia majini kunywa, kinyesi waliacha wapi?"

Nathanaeli akaacha kucheka. Rukaiya akamweleza kwamba samadi nayo ina naitrojeni, na ziwa halichagui imetoka dukani au kwa ng'ombe. Mwisho wa maongezi Nathanaeli aliingia kwenye mpango. Likijengwa tangi, ng'ombe watapata birika la kunywea mbali na ukingo. Samadi itaozeshwa shimoni na kwenda bustanini.

Rukaiya akapiga picha ya lundo, Alphonce kando yake, uso wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Wakapima ukingo kwa kamba. Leonard akaenda mjini kuleta bei za pampu kutoka maduka matatu. Fomu mpya ikasema: tunatumia mifuko sitini na mmoja, tutashuka hadi thelathini. Bustani ya karibu zaidi iko hatua kumi na tano. Maji ni ya kijani na yananuka. Iliwasilishwa tarehe ishirini na nane.

Oktoba kamati ilikuja yenyewe kutazama. Alphonce aliwaongoza, akawaonyesha ubaya wote bila kuruka hata mmoja. Kufikia hapo alikuwa ameanza kuuonea fahari. Januari barua ikaja: mmekubaliwa.

Fedha ziliingia kwenye akaunti ya kikundi. Kila risiti ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, mwenye macho asome. Kufikia Mei pampu ilikuwa inasukuma maji mpaka shamba la marehemu baba yake, na Yasinta alizigeuza keni zake kuwa viota vya kuku. Zile hatua kumi na tano za ukingoni, na nyingine nyingi juu yake, zilipandwa majani ya tembo.

Agosti majani yalimfika mtu kifuani. Ziwa halikuwa limepona lote. Kwenye kona ya kaskazini utando bado ulikuwepo, na Rukaiya aliwaambia wazi kwamba ziwa linahitaji miaka. Lakini upande wao maji yalionyesha mawe ya chini, na harufu haikufika tena shuleni. Ng'ombe wa Nathanaeli walikunywa kwenye birika lao bila kuuliza kitu. Na vitunguu? Vilikuwa vigumu, vikavu shingoni. Vya zamani, kwa kushiba mbolea kupita kiasi, vilikuwa vinaoza ghalani. Hivi vilikaa. Sokoni Misigiri chai ilizidi kupoa.

Shida ilibaki moja. Mbuzi alilila pazia la bafuni, na Yasinta alipotafuta mfuko wa kuziba pengo, hakupata. Ile michache ya msimu ilishapewa kazi. Kwa siku tatu mwenyekiti alioga amechuchumaa. Siku ya nne alirudi kutoka Misigiri na kitambaa chekundu chenye maua meupe. Nathanaeli alipita, akalitazama pazia likipepea, akauliza harusi ni lini.

Jioni hiyo Alphonce akakaa na taarifa ya msimu, ambayo kila kikundi kilichopata ruzuku lazima kiipeleke halmashauri. Mifuko mingapi? Akaandika: kikundi, thelathini, mimi mwenyewe, miwili na nusu. Umbali? Mita sitini na nne, tumepima. Mwisho kulikuwa na mstari ulioachwa wazi: mafanikio mengine. Alifikiri kidogo, akaandika: pazia la bafuni, jipya.

Yasinta alisoma begani kwake, taa mkononi.

"Peleka," alisema. "Yote ni kweli."