Injini Imefika, Boti Haijafika

Boti ilikuwa inakimbia kilomita sabini kwa saa.

Barabarani.

Débora aliitazama kwenye simu yake ya Samsung akatukana. Jasusi huyu wa kikosi cha ziwa alizijua boti zote za Nchelenge. Hakuna hata moja yenye magurudumu.

Akaipa moto Honda yake.

Alikuta pikipiki nyingine mbele ya geti la bandari. Nyuma yake, imekazwa kwa mipira, ilikuwa injini ya Yamaha.

"Simama!"

Dereva aliiona bastola yake ya Glock. Akasimama.

Débora hakufurahi. Alichoka tu. Akabonyeza redio.

"Hénoc, boti yako iko hapa. Imepanda pikipiki."

Hénoc, mwandishi wa programu aliyemwita kila mkubwa 'chef', akakohoa. "Haiwezekani, chef. Kompyuta inaonyesha..."

"Inaonyesha injini! Nilikuambia mara ngapi? Huku mutu akifika ng'ambo anafungua injini, anaibeba kwa nyumba, analala nayo. Na nyinyi kifaa cha kufuatilia boti munafunga kwa injini!"

"Bakubwa ba Lusaka walisema injini na boti ni kitu kimoja."

"Balishapanda boti, hao bakubwa?"



Boti yenyewe ilitekwa asubuhi, ikiwa na sanduku la chuma lililojaa sindano za malaria za kambi ya wakimbizi ya Mantapala. Huko watoto walilala wawiliwawili kitandani na dawa imekwisha. Kulipasua sanduku ni kuzivunja chupa za dawa. Kufuli lake lilitii programu tu, na programu ilikuwa na sharti moja la kabla: boti iwe bandarini, ndipo mfuniko ufunguke.

Barthélemy, mlanguzi wa dawa, hakuwa na haja ya kuvunja kitu. Alituma injini tu bandarini; programu ingeamini boti imefika.

"Na mfuniko ukishafunguka," Débora akauliza, "programu inahakikisha nini?"

"Inaandika 'imefanikiwa'."

"Haiulizi dawa iko na nani?"

"Sharti la baada hatukuweka, chef. Walisema litachelewesha kazi."

Débora alitamani kuitupa redio ziwani.

"Weka sasa hivi. Mfuniko ukifunguka, kidole cha muuguzi Matildah kiguse kioo cha sanduku. Kisipogusa, kazi haijaisha: mfuniko ujifunge, king'ora kilie."

"Lakini Matildah iko Mantapala."

"Ndiyo maana, Hénoc!"

Akamgeukia dereva. "Injini ulipewa wapi?"

"Kafutuma, mama. Kwa mabanda ya samaki. Papa mumoja tu, simujui."

Injini akamwachia Chisenga, askari mwenzake wa kikosi, pale getini. "Nikisema, ipitishe getini."

"Ee mukwai," Chisenga akaitikia kwa heshima. "Lakini ni nzito hii."

"Ibebe kama unaenda kulala nayo."

Kafutuma ilinuka moshi. Mabanda yalifuatana ufukweni, yote yanafanana, yote yamefungwa. Akivamia banda silo, Barthélemy atasikia, na sanduku litavuka kwenda Kongo.

"Hénoc?"

"Bado, chef."

Alisaga meno. Mvuvi mmoja akamkodolea macho.

"Hénoc!"

"Tayari!"

"Chisenga. Ingiza."

Hakuna kitu. Hakuna kitu.

Kisha king'ora kikapasua hewa.

Débora aliupiga teke mlango wa banda la tatu. Barthélemy alikuwa amepiga magoti, mkono wake wa kulia umebanwa na mfuniko hadi kiwiko. Bastola ilining'inia kiunoni, upande huohuo wa kulia. Aliitafuta kwa mkono wa kushoto. Haukufika.

Débora akaichukua taratibu.

"Inaomba kidole!" Barthélemy alifoka. "Asubuhi ilikuwa inaomba bandari tu!"

"Asubuhi ilikuwa mjinga."

"Fungua, mama! Mukono inakatika!"

"Haitaki changu. Mwenye kidole iko Mantapala."

Askari wa kikosi wakampakia kwenye Land Cruiser yeye na sanduku lake, wameshikana, na Débora akafuata kwa Honda. Njia nzima, kila shimo alilia.

Matildah alitoka nje ya zahanati, akamtazama. "Huyu naye mugonjwa?"

Akagusa kioo. King'ora kikanyamaza, mfuniko ukainuka. Muuguzi alikwishampita Barthélemy, amekumbatia chupa, anakimbilia wodini.

Redio ikakwaruza.

"Chef, Lusaka banafurahi sana. Banauliza tu kama tunaweza kutoa ile sharti ya baada. Inachelewesha."



Débora akaizima redio. Akavaa helmeti, akaondoka bila haraka.