Koti la Kornelio

Mashaka alikuwa hana koti. Alikuwa hana tai, hana saa ya mkononi, hana viatu ambavyo soli zake hazijashonwa upya. Hakuwa na ndugu serikalini, hakuwa na sanduku la posta, hakuwa na simu. Hata kiti hakuwa nacho; mgeni akija alikaa kitandani, naye mwenyeji akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai. Alichokuwa nacho ni cheti cha kidato cha nne, chumba kimoja cha kupanga Buguruni, na vidole vilivyojua kusuka upya waya za mota zilizoungua, za feni na za pampu za maji. Na hicho cha mwisho alikionea haya kuliko vyote alivyovikosa.

Jumamosi moja ya mwaka 1999, asubuhi, alikuwa ameinama kwenye rundo la mitumba pale sokoni Buguruni. Muuzaji alisimama juu ya meza akipiga makofi na kuimba bei. Mashaka aliona mkono wa koti jeusi umechomoza chini ya mashuka, akaushika, akavuta. Koti halikuja. Akavuta tena, nalo likavutwa upande wa pili.

"Kaka, samahani," sauti ikasema, "mkono huu una mwenyewe."

Aliinua macho. Msichana alikuwa amevaa gauni refu la zambarau lililopigwa pasi hadi mishono ikalala, na ushungi mweupe uliochomekwa kalamu ya wino upande wa sikio.

"Na huu nilioshika mie una nani, sista?"

"Una mtu mbishi."

"Basi tuligawane. Wewe uvae kulia, mie kushoto, tuingie nalo mjini."

Msichana alicheka, lakini mkono hakuuachia. "Nalitaka la baba. Anasikia baridi akienda swala ya alfajiri. Wewe la nini?"

Mashaka alilitaka la kupigia picha ya kuombea kazi. Jibu lilikuwa jepesi namna hiyo. Lakini macho ya yule msichana yalikuwa yanamtazama kama anayetazama mtu wa maana, na ulimi ukamponyoka.

"La kubadilishia tu. Ninalo moja nyumbani, aliniletea baba mdogo kutoka Maskati. Mchukulie mzee."

"Maskati! Kumbe naongea na mkubwa."

Uongo ukawa umeshatoka, umevaa, umeanza kutembea.

Jina lake lilikuwa Raudha, binti Mzee Marijani wa Temeke. Alifanya kazi Tandika, katika ofisi ya kuchapa ya mama Eufrazia, na kazi yake hasa ilikuwa kuwaandikia wasifu vijana wanaotafuta ajira. "Tuna na kompyuta ya intaneti," alisema akilikunja koti la baba yake. "Nataka nitengeneze ukurasa wa vijana wetu, picha na maelezo, tajiri akifungua awaone wote bila kutoka ofisini kwake. Njoo na picha. Uvae hilo la Maskati."

Koti la Maskati, basi, ilibidi lipatikane. Na Buguruni nzima lilipatikana mahali pamoja tu, kwenye msumari nyuma ya mlango wa studio ya Kornelio, mpiga picha. Lilikuwa la bluu iliyokolea. Kornelio alikuwa amelipasua mgongoni kutoka ukosini hadi chini, ili mwembamba na mnene wote liwaenee, na kila mteja alibanwa kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo. Kwenye ukosi wa kushoto pasi iliwahi kuliunguza, ikaacha doa la kahawia la ukubwa wa kucha ya gumba. Siku ile palikuwa na foleni, na aliyembana Mashaka vibanio alikuwa rafiki yake Fransis, fundi seremala, aliyekuwa akingoja zamu yake.

"Usipumue sana, braza," Fransis alimwambia. "Kibanio kikiruka kitampiga Kornelio jicho."

Jumatatu Mashaka alikwenda Tandika, mikono mifukoni.

"Kazi yako?" Raudha aliuliza, vidole juu ya kompyuta.

"Andika mtaalamu wa mitambo ya umeme."

"Unafanyia wapi?"

"Sehemu sehemu."

"Sehemu sehemu ni kampuni gani hiyo? Ina tawi na hapa Tandika?" Aliacha kuchapa. "Sikiliza. Mwenye kuajiri hataki kujua unavyoota kuwa. Anataka kujua akikuita kesho, utakuja na nini mkononi. Ukimwambia hicho kwa ufupi na kweli, atakukumbuka. Ukijipamba, utafanana na wote."

Mashaka aliitikia kwa kichwa. Maneno aliyasikia na kuyapenda, lakini hakuitoa mikono mifukoni, maana vidole vyake vilikuwa vimegandwa na vanishi ya mota isiyotoka hata kwa mafuta ya taa.

Mapenzi yao yalikua kwa simu. Kila jioni Mashaka aliingia kibanda cha simu za kadi, akapiga ofisini kabla hawajafunga.

"Naomba kuzungumza na karani wangu."

"Karani wako ana kazi. Nani mwenzangu?"

"Humjui?"

"Nawajua wengi. Ni yule wa Maskati, au mwingine?"

"Kuna mwingine?"

"Wivu huo! Hakuna, Maskati wangu. Umekula?"

Ndivyo alivyomwita, Maskati wangu, na kila alipolisikia jina hilo, Mashaka alijiona amesimama upya mbele ya Kornelio, vibanio vikimbana mgongoni. Alipanga kumwambia ukweli Ijumaa. Ijumaa wakaenda kula mishikaki, Raudha amevaa gauni la waridi na hina mpya, anacheka hadi anashika meza. Nani angeiharibu Ijumaa ya namna hiyo? Akaahirisha. Badala yake akawapelekea ofisini vijana wenzake wa Buguruni, Fransis akiwa wa kwanza, akafurahi kumwona Raudha akifurahi. Hakuuliza walipigia wapi picha zao. Raudha naye alizipokea moja moja, kwa siku tofauti, picha ndogo za rangi. Akazitia kwenye kompyuta na kuzisahau bahashani, kwa kuwa alichokuwa akikisoma usoni kwa kila kijana kilikuwa macho.

Siku ya kuufungua ukurasa, mama Eufrazia alimwalika Bwana Theonest, afisa ajira wa kampuni moja ya kusindika samaki. Vijana saba walikuja wamechana nywele, wakajipanga ukutani. Raudha aliketi mbele ya kompyuta, mgongo umenyooka.

"Huyu wa kwanza juu," alimwambia mgeni, "ndiye namjua zaidi."

Mwaka ule picha za intaneti zilishuka polepole kama pazia. Kwanza zikaja nywele saba, kisha vipaji vya uso, macho, midomo. Bwana Theonest aliinama, akaridhika. Zikaja tai. Tai ilikuwa moja, nyekundu yenye mistari. Kisha yakaja mabega, na juu ya kila bega la kushoto, kwenye ukosi, likaja doa la kahawia la ukubwa wa kucha ya gumba. Madoa saba, makoti saba, na koti ni lile lile.

Bwana Theonest alicheka kwa sauti. "Mama Eufrazia, umeniitia wafanyakazi au kwaya?"

Mama Eufrazia hakucheka. Raudha aligeuka taratibu kwenye kiti chake, akamtazama mmoja tu.

"Mashaka. Lako si la Maskati?"

Hapo mlango ulikuwa bado wazi. Angeweza kusema neno moja la kweli, akaona haya kwa dakika chache, yakaisha. Lakini mgeni alikuwa anamtazama, mama Eufrazia anamtazama, na woga ukamsemea.

"Langu ni la Maskati. Labda... labda wenzangu ndio waliliazima."

Fransis aliyekuwa ameegemea ukuta alijinyoosha.

"Braza," alisema bila ukali, "mie ndiye niliyekubana vibanio."

Raudha aliizima kompyuta. "Nendeni," alisema. "Nendeni wote, tafadhali."

Mashaka alitembea kwa miguu kutoka Tandika hadi Buguruni. Wenzake walitangulia mbele, wakiongea, na hakuna aliyegeuka. Usoni alisikia joto kama la mtu mwenye homa. Umaskini haukuwa unamchoma tena. Kilichomchoma ni lile neno, waliliazima, ambalo kwalo aliwavisha uongo wake watu waliokuwa hawana kosa ila kukosa koti kama yeye.

Kesho yake alipiga simu.

"Raudha hayupo," ilijibu sauti ya Raudha.

"Sauti ni yako."

"Na koti lilikuwa lako." Simu ikakatwa.

Hakupiga tena. Alikwenda karakana ya Fransis, akamkuta anapiga randa ubao mrefu.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Uliniita mwizi wa koti, Mashaka. Mbele ya mtu mwenye kazi."

"Nilikuita."

"Ungesema tu sote hatuna, tungecheka na yule bwana, yakaisha."

"Najua. Nilikuwa naona haya kuonekana kama nyie. Nami ndio nyie."

Fransis alipuliza vumbi la mbao. Kisha akamsogezea upande mmoja wa ubao. "Shika hapo, ubao unacheza."

Mashaka alishika, na siku hiyo hawakuzungumza zaidi. Lakini Fransis ndiye aliyetoa wazo la kumtoa Kornelio studio, awapige picha kila mmoja na kazi yake. Kornelio alilalamika kwamba nje hana pazia lenye ndege na ghorofa. Akabebeshwa kamera yake hivyo hivyo. Alimpiga Fransis na randa yake, akampiga mwingine na mwiko wa kujengea, na mwisho akampiga Mashaka amekaa chini, shati limekunjwa, mota ya feni imepakatwa, waya wa shaba umezunguka vidole vyeusi.

Mashaka ndiye aliyezipeleka picha Tandika. Raudha alikuwa peke yake. Alizipokea bila kumwangalia, akazipanga mezani, akaikuta ya mwisho.

"Mikono hii ina nini?"

"Vanishi. Haitoki."

"Ndiyo maana ulikuwa unaificha." Aliiweka picha chini. "Mashaka, ulidhani mie nitakukimbia?"

"Nilidhani siku ile sokoni hutasimama."

"Mie nimezaliwa Temeke. Gauni la waridi unalolisifu kila Ijumaa ni la dada yangu, nalirudisha limefuliwa. Ungeniambia, tungecheka wote." Alizikusanya picha. "Aibu yangu haikuwa koti. Mama Eufrazia aliniuliza, huyu wa kwanza umemhakiki? Nikamwambia, wote nawahakiki, huyu namwamini. Akaniuliza tena. Nikarudia."

Mashaka aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza hakutafuta la kujitetea.

"Uniweke wa mwisho kwenye ukurasa," alisema. "Au usiniweke. Hawa wenzangu ndio nawaombea."

Raudha alifuta macho kwa ncha ya ushungi. "Nitawaweka. Wewe nitakuweka wa mwisho." Alipoona hatoki, akaongeza, "Unangoja nini?"

"Nangoja kujua kama nije tena."

"Kwangu hapa? Hapana. Ukija, njoo kwa baba. Andika wasifu wako kwa mkono wako, umpe mshenga aulete nyumbani kama watu wanavyoleta. Baba hasomi bila miwani, na miwani imevunjika, kwa hiyo atakayemsomea ni mie." Akamtazama sasa, macho mekundu, na pembeni mwa mdomo kitu kinachotaka kuwa tabasamu. "Na ukiongeza hata kifungo, Buguruni, nitajua."

Ukurasa mpya ulifunguliwa bila mgeni wala sherehe. Baada ya majuma machache Fransis aliitwa na kiwanda kimoja cha samani. Mashaka hakuitwa na mtu. Aliendelea kusuka mota, na jioni aliandika, akachana, akaandika tena, hadi barua ikawa nusu ukurasa.

Mjomba wake Twalib, karani mstaafu wa bandari, ndiye aliyekubali kuwa mshenga. Alikuja Jumapili asubuhi na kanzu yake nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, akakaa kitandani, akaisoma barua kwa sauti.

"'Mimi ni Mashaka Mwinjuma, mzaliwa wa Kimbiji, fundi wa kusuka mota hapa Buguruni. Ninapanga chumba kimoja. Sina kiti. Sina koti, na niliwahi kumwambia binti yenu kwamba ninalo. Kwa uongo huo niliwatia aibu yeye na rafiki zangu, na bado ninaona haya. Kwa haya hizo hizo, na kwa heshima, ninaomba kumwoa Raudha...'" Aliishusha karatasi. "Mwanangu, hii ni posa au umefungua kesi?"

"Posa, mjomba."

"Barua ya posa inataja kiti? Hebu nipe kalamu. Tuseme 'mtaalamu wa umeme mwenye karakana yake.' Mota zile si unazisukia mahali? Mahali hapo ni karakana. Si uongo."

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa mzee. Mashaka aliitazama ikishuka, akahisi vibanio vikimwingia mgongoni, kimoja kimoja.

"Usiandike, mjomba."

"Watakunyima!"

"Bora ninyimwe mimi, kuliko akubaliwe mtu mwingine mwenye jina langu."

Mzee Twalib aliguna, akaifunika kalamu. "Na siku ya kujibiwa utavaa nini?"

"Shati hili. Nitalipiga pasi."

Aliikunja barua mara mbili, akaitia kwenye bahasha nyeupe. Akailamba gundi kutoka pembe hadi pembe, akaibana kwa vidole vyake vyeusi, na pale alipobana kidole gumba kikaacha alama hafifu ya kahawia. Alitaka kubadilisha bahasha. Kisha akaiacha. Mjomba aliifunga ndani ya leso, akaitia kifuani, akavaa viatu vyake na kushika njia ya Temeke, huku Mashaka amesimama mlangoni, ladha ya gundi ikiwa bado ulimini.