Singe ya Zuwena na Kifuo cha Bibi

Kila Jumamosi asubuhi Jenifa alifua nazi uani kwao Pongwe. Kifuo chao hakikuwa mti uliochongwa kama cha majirani. Kilikuwa singe, kisu kirefu cha kuchomekwa mbele ya bunduki, ambacho babu yake alikiokota zamani katika shamba la mkonge. Bibi alikichimbia mpini ardhini, ncha ikabaki juu. Ala yake, ule mfuko wa chuma, ilikuwa kona ya jiko ikiliwa na kutu.

Jenifa hakuijali singe hiyo mpaka rafiki yake Zuwena alipopeleka ya kwao shuleni. Mwalimu Yona alisema mtaalamu angekuja kukagua vitu vya kale, na kitakachochaguliwa kingewekwa kwenye kabati la kioo pamoja na jina la aliyekileta. Tangu hapo darasani ikawa Zuwena hivi, Zuwena vile. Roho ilimuuma Jenifa, hata salamu ya mwenzake akawa haitikii.

"Bibi, naomba kifuo nipeleke shule."

"Nami nitafulia nini, meno?" Bibi aliuliza, lakini akamruhusu.

Jenifa alikisugua kwa msasa kutwa nzima, kikang'aa kama sufuria mpya. Ala aliiacha jikoni. Nani angetaka kuonyesha kutu ile?

Siku ya ukaguzi alikuja Mzee Shamsuddin, mwuza vitu vya kale mjini. Wanafunzi walimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akavaa miwani. Aliipaka mafuta singe ya Zuwena, akaitazama mgongoni karibu na mpini.

"Hapa pana taji, na chini yake sifuri nane. Imefuliwa Ujerumani mwaka 1908, kabla vita havijafika Tanga. Kasoro yake haina ala. Ingekuwa nayo, thamani ingepanda sana."

Akaichukua ya Jenifa. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Umbo ni lile lile. Lakini alama zimefutwa, na thamani imekwenda nazo. Nani kaisugua?"

Jenifa alitamani kusema ni bibi. "Mimi, babu," alisema hatimaye. "Nilitaka ishinde ya Zuwena."

Darasa likacheka. Zuwena peke yake hakucheka. Jenifa akaikumbuka ala, na kijicho kikamshauri anyamaze. Hata hivyo akanyosha mkono.

"Nyumbani ipo ala."

Alipoileta, singe ya Zuwena iliingia taratibu mpaka mwisho.

"Wajukuu zangu," alisema Mzee Shamsuddin, "kijicho hufanya kazi ya msasa. Jenifa alitaka kumfunika mwenzake, akaharibu chake. Aliposema kweli na kutoa alichonacho, wote wawili wamepata."

Kabatini yakaandikwa majina mawili. Jumamosi Zuwena alikuja Pongwe, akamkuta Bibi anakichimbia kifuo upya.

"Kinameremeta kweli," Bibi alisema, akamtupia Jenifa nazi. "Haya, fua. Mgeni atakula wali mkavu?"