Biriani Mbele ya Buibui Jeusi

Pikapu ilikuwa imeshawashwa. Godoro limepanda juu, masufuria makubwa yamefungwa kamba, na mtungi wa gesi umelazwa katikati ya mito usije ukabiringika. Kyengo alifika mtaa wa Landless kwa miguu, amebeba begani bango la turubai lililokunjwa, jasho limelowesha kola. Ruqayya alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva, amevaa dera la kijani na mtandio mweupe. Alimwona kwenye kioo cha pembeni. Hakugeuka.

Dera hilo Kyengo alilijua. Ndilo alilokuwa amelivaa mwaka jana, siku waliyokutana sokoni Thika.

Siku hiyo Kyengo hakuwa na zamu kiwandani, alikokuwa akifunga katoni za juisi. Alikuwa amenunua kamera kuukuu, na video za kwenye simu zilimshauri aanze na vitu visivyosogea. Akachagua nyanya. Akapiga magoti katikati ya njia, mgongo wake umewafungia watu.

"Kaka, hizo nyanya zimefanya kosa gani?" sauti ikamwuliza kutoka juu.

"Najifunza kupiga picha za chakula."

"Hicho bado si chakula. Nipishe nikazifanye chakula."

Aliinuka kwa haraka, akagonga kikapu cha yule dada, vitunguu vikatawanyika. Wakaviokota pamoja. Mkono wa dada ulikuwa na hina, maua madogo yaliyopanda hadi kwenye kifundo, na Kyengo akaokota kitunguu kimoja mara mbili.

"Unapika nini?"

"Biriani. Napikia watu harusi, hitima, mtu yeyote akiniita."

"Naweza kuja kuipiga picha?"

"Njoo. Lakini uje na tumbo pia."

Basi akaenda, na akaenda tena, hadi majirani wakazoea kiatu chake mlangoni. Picha za mwanzo zilikuwa aibu. Balbu iliupa mchele rangi ya ugonjwa, na taa ya kamera ikaifanya nyama ing'are kama plastiki. Alimtumia Ruqayya kwenye simu, naye akampigia papo hapo akicheka.

"Bwana Kamera, huyu mbuzi amekufa mara ya pili."

"Nifundishwe basi, mrembo."

"Mimi najua kupika tu, mpenzi. Hayo mengine muulize jua."

Akaliuliza jua. Akajifunza kuzima balbu na kusogeza sinia karibu na mlango. Akajifunza kuweka kadibodi yenye karatasi ya fedha upande wenye giza ili irudishe mwanga, na kupiga akiwa usawa wa mtu aliyeketi kula. Kila mara chakula kilipoa mbele yake.

"Kula kwanza."

"Nikimaliza."

Kilichomsumbua zaidi ni mvuke. Ukuta wao ulikuwa mweupe, na mvuke mbele ya ukuta mweupe hauonekani. Alihitaji kitu cheusi nyuma. Ruqayya alifungua sanduku, akatoa buibui la marehemu mama yake, akalitundika kwenye kamba.

"Usilitie doa," alisema. "Sina lingine lake."

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na jioni hiyo Kyengo alikuwa amealikwa kufuturu. Aliyemwalika ni Mzee Abdulkarim, baba yake Ruqayya, aliyekuwa akimwitikia salamu kwa neno moja tu. Kyengo alikuwa amekulia kanisani, na mzee alijua.

"Habari ya dini utaongea na sheikh, umesema uko tayari kusilimu," mzee alimwambia kabla jua halijazama. "Lakini hii kamera, ni kazi ama ni mchezo? Siku ukiwa na kazi ya kueleweka, lete watu wako tuongee."

Kyengo aliyabeba maneno hayo kama yai.

Adhana ikaanza. Sinia lilikuwa katikati, lile lao la ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Mzee akachukua tende.

"Ngoja kidogo, Mzee," Kyengo akasema, jicho kwenye kamera. "Mwanga unaisha."

Tende ikabaki vidoleni. Hakuna aliyesogea. Watu waliokuwa hawajatia hata maji kinywani tangu alfajiri wakamngoja mgeni. Ruqayya akanyunyiza vitunguu vya kukaanga kwa ule mkono wa hina, mvuke ukapanda mweupe mbele ya buibui jeusi, kamera ikalia.

"Umemaliza?" mzee akauliza.

"Nimemaliza, Mzee. Samahani."

"Basi kaa ule."

Lakini Kyengo alikuwa anaitazama picha. Alipoinua macho, sinia lilikuwa limekwanguliwa. Walimcheka, naye akacheka. Ndiyo iliyokuwa picha yake ya kwanza ya kweli.

Baada ya Idi, mtu aliyeitwa Githinji alimwita aende Kamakis, kule Ruiru, kwenye baa yake ya nyama choma. Alitaka bango kubwa la juu ya mlango: pilau, mbuzi, nguruwe wa kukaanga na bia baridi. Nguruwe na bia zilitoka vizuri. Pilau, chini ya taa nyekundu za mle ndani, ilitoka kama udongo. Githinji aliichukua kamera, akaperuzi akinuna, kisha akasimama.

"Hii. Hii ndiyo naitaka."

"Hiyo si ya hapa."

"Nani atajua? Ni mkono na sahani, kijana wangu."

Kyengo akaitazama: ilikuwa ile ya futari. Alikuwa anaona Mzee Abdulkarim, anaona bango lenye kazi yake barabarani, atakalomwonyesha kwa kidole. Hakukataa, na Githinji akachukua hilo kuwa ndiyo.

Uso haukuonekana, ni kweli. Lakini sinia lile, nusu ya Waislamu wa Landless walikuwa wamekula humo. Mwanamisi, aliyekuwa amempa Ruqayya kazi ya kupika kwenye harusi ya bintiye, alipita Kamakis, akainua macho, akaliona juu ya mlango wa baa.

Simu ikaja Kyengo akiwa kiwandani.

"Uko wapi?"

"Kazini, mrembo. Mbona sauti iko hivyo?"

"Mwanamisi amenipokonya harusi. Anasema siku hizi nawapikia walevi Kamakis, mwiko mmoja na wa nguruwe. Wengine nao wameanza kukata. Ni wewe?"

"Ni mkono tu, Ruqayya."

"Ni mkono wangu. Sinia letu. Buibui la mama yangu, Kyengo, kando ya pombe."

"Nilitaka kuja kwa baba yako nikiwa na kazi."

"Ungekuja na njaa tungekupokea."

"Nitaenda kwao wote. Nitawaeleza."

"Utawaeleza nini? Kwamba ulituzuia kufuturu ili Githinji auze bia?"

Akakata.

Kyengo alimsihi Githinji alishushe bango hadi wateja wakageuka kutazama. Aliposhindwa alipanda ngazi mchana kweupe, akakata kamba mwenyewe, na Githinji akamwambia asikanyage pale tena. Lakini maneno hayana kamba ya kukatwa. Kwa Ruqayya moto ulikuwa umezimika, hakuna aliyeagiza hata sufuria moja, na shangazi yake wa Isiolo alikuwa ameshawaambia waje.

Ndivyo Kyengo alivyofika dirishani mwa pikapu na bango begani.

"Nimelitoa," alisema.

"Naona."

"Shuka tuongee. Tafadhali, mpenzi."

Ruqayya alimtazama kwa mara ya kwanza. "Biriani yangu ina ladha gani?"

 Sahani zote Kyengo alizokula kwake zilikuwa zimepoa, na ile ya futari hakuigusa.

"Ni tamu."

"Hata ambaye hajaila husema hivyo."

Mzee Abdulkarim aliangalia mawingu, akalipokea bango kutoka begani mwake bila ukali. Alilitandaza juu ya mizigo, picha ikilala chini, akafunga kamba nne pembeni.

"Litafaa kwa mvua," alisema. "Asante."

Pikapu ikaondoka, ikashika barabara ya Sagana.

Ruqayya anapikia shule Isiolo, na ameolewa na Adan, muuza nafaka. Mzee Abdulkarim alifariki mwaka uliofuata. Bango sasa ni paa la banda lao la kuku. Mwanamisi alipata mpishi mwingine, na baadaye aliambiwa ukweli, akasema alikuwa hajui. Githinji alichapisha bango jingine kwa picha aliyoitoa mtandaoni, na biashara yake inaenda. Kyengo aliacha kiwanda. Anapiga picha za chakula Ruiru na Thika, na wenye hoteli wanamsifu kwa mvuke. Nyuma ya sahani hutundika kitambaa cheusi alichojinunulia. Hajaoa. Hula baada ya kazi, chakula kikiwa kimepoa.