Alimfundisha Kupenda Treni

"Sikiliza vizuri," Salum alikuwa akisema. "Treni ikivuta pumzi nzito hivyo, ujue ni ya mizigo, imetoka Dodoma imeshiba."

Hafidha, nyuma ya ukuta wa ghala kando ya reli pale Kihonda, alimsikia mumewe akimwambia msichana mwingine maneno ambayo yeye Hafidha ndiye aliyemfundisha.

Kabla hawajaoana, Hafidha alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Kila Jumapili alikwenda kukaa kando ya reli kutazama treni, kwa raha yake tu. Watu wa mtaani kwake, Mafiga, walimcheka. Salum, muuza mitumba, hakumcheka. Alikaa naye, akauliza maswali, mpaka akaweza kutambua injini kwa mlio kabla haijatokeza. Hapo hapo relini ndipo alipomwambia anataka kumuoa.

Baada ya ndoa, kiwanda kiliuzwa, Hafidha akapunguzwa kazi. Salum naye akamkataza kwenda relini, eti mke wa mtu hasimami njiani kama anayesubiri mabwana. Hafidha akatii. Honi ikilia alijikaza, akaendelea kupika. Mpaka jirani alipomnong'oneza kwamba Salum anaonekana kule kila Jumapili, na si peke yake.

"Nani alikufundisha yote haya?" msichana aliuliza. Jina lake Mwamvita.

"Nimejifunza mwenyewe, toka utotoni."

Hafidha akatokeza. Treni ilikuwa inapita. Akangoja hadi behewa la mwisho lipite.

"Salum, si ulinikataza kuja hapa?"

"Twende nyumbani tukaongee."

"Ungechukua mwanamke tu, labda ningekusamehe. Umeninyima furaha yangu, ukaja kumpa mwenzangu."

"Kumbe una mke?" Mwamvita aliuliza kwa sauti ndogo. Msichana akajifunga khanga yake, akaondoka.

"Nataka talaka yangu," Hafidha alisema.

Salum alidhani ni hasira zitakazopoa. Wazee wakakaa, wakambembeleza, Hafidha asibadilike, mwisho akapewa. Akapanda milimani Matombo, kwa mama yake, akalima migomba.

Mwaka uliofuata Salum akamfuata huko shambani. Aliomba radhi, akaahidi kumpeleka relini mwenyewe kila Jumapili, watu waseme wapendavyo.

Hafidha alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Siku hizi treni sizipendi tena, Salum. Nikizikumbuka, naumia. Hilo ndilo nisiloweza kukusamehe."

Akainama, akaendelea kupalilia.