Benchi la Moshi

Nisikilizeni, jamaa zangu wa ziwani. Na ninyi mnaovaa makoti meupe, sogeeni karibu zaidi, kwa sababu habari hii inawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Ilikuwa Jumapili moja ya mwaka wa themanini na saba, upande wa ziwa ukitoka Katito. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na jua limerudi. Obiero, tabibu wa kituo cha afya, alikuwa ameketi sebuleni katika nyumba ya serikali nyuma ya kituo. Watu walimwita daktari, naye hakuwasahihisha. Mkewe, Lornah, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, Tom, na siku hiyo mama yake Lornah, Seline, alikuwa amekuja kumwona mjukuu. Desturi ya kwetu mnaijua. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaketi karibu, na mmoja akiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu. Kwa hiyo Seline alikaa kando ya mlango wa jikoni, amempa mkwewe ubavu, mtoto yuko mapajani. Samaki wa ngege alikuwa ameiva na nyumba ilinukia vizuri.

Utulivu huo aliuvuruga Obiero mwenyewe. Alipenda kusimulia ushujaa wake wakati wa kula. Alimweleza mkewe, kwa sauti ya kusikiwa hadi jikoni, jinsi alivyomtengeneza mzee Opiyo, mvuvi aliyekwenda kutibiwa kikohozi. Alimtoa pakiti ya sigara mfukoni, akamlazimisha kuzisaga zote kwa kiganja mbele ya akina mama na watoto wao, kisha akamwambia mapafu yake ni meusi kama sufuria ya msibani. Mzee mwenye wajukuu alitoka pale, na dawa ya kikohozi hakuingoja.

"Hii watu bila kuaibishwa hawasikii," Obiero alisema huku akicheka. "Mimi nikimshika mvutaji, hawezi kunisahau."

Seline hakucheka. Alikuwa amemeza tonge moja tu, akaisukuma sahani. Lornah alipomuuliza kuna nini, alijibu kwamba ni jino.

Halikuwa jino. Seline alikuwa na kidonda juu kwenye kaakaa, na kilikuwa hapo tangu kabla Tom hajazaliwa. Tangu ujana wake alianika omena, dagaa wa ziwani, ufukweni, na wanawake wa kazi ile walivuta sigara kwa namna yao: kichwa chenye moto walikiingiza ndani ya mdomo. Upepo wa ziwani haukuweza kuuzima, mikono ilibaki na nafasi ya kutandaza omena, na moshi haukupanda usoni mbele ya wakwe na wazee. Ilikuwa heshima na ilikuwa kazi, vyote pamoja. Lakini Obiero alizaliwa na kukulia Kaloleni, mtoto wa mjini. Kwake yeye mvutaji alikuwa mwanamume anayetoa moshi puani. Alikula nyumba moja na mvutaji wa miaka mingi, na hakujua.

Seline alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaaga mapema. Njiani alikata shauri kwamba mume wa binti yake asijue kamwe, hata iweje.

Nani angemlaumu? Maana huyo Obiero hakutosheka na mzee Opiyo. Aliweka benchi la mbao kando ya mlango wa kituo, jua la saa sita likipiga, akaliita benchi la moshi. Joram, mfanyakazi aliyepanga foleni, alipewa kazi ya kunusa watu. Aliyenuka tumbaku alikaa pale mbele ya macho ya wote na alihudumiwa wa mwisho, hata kama alitangulia kufika. Kila asubuhi Obiero alitoka na koti lake, akasimama mbele ya benchi, akawahutubia kama mwalimu anayewachapa wanafunzi kwa mdomo.

Watu si wajinga. Walianza kunawa mikono kwa mafuta ya taa, kutafuna majani ya mpera, kuazima mashati ya majirani. Wengine waliacha kabisa kwenda, wakajinunulia vidonge dukani. Ukiulizwa kama unavuta, unaapa kwa jina la mama yako. Benchi likawa tupu, na Obiero akavimba kichwa. Aliwaambia wakubwa wake mjini kwamba sigara imekwisha katika eneo lake, nao wakampigia makofi. Mtu akikuogopa na kukuficha ugonjwa, wewe unasema umemponya. Nina hasira na mtu wa namna hiyo, na sitaificha.

Mwaka uliofuata aliletwa muuguzi, Sista Perez, mwanamke aliyesomea kazi yake na asiyeogopa mtu. Wiki ya kwanza tu aliliona benchi, akaingia chumbani kwa Obiero na kufunga mlango. Walibishana mpaka foleni nzima ikawasikia. Perez alisema mgonjwa anayevuta ni mgonjwa, si mhalifu. Muulize anavutaje na saa ngapi inamkamata zaidi, mtafute kitu cha kuweka mahali pa sigara, mkubaliane siku ya kuacha, umwite tena umwone. Akianguka, mwanze upya. Tena akasema ameona midomo ya wanawake kadhaa wa ufukweni, na hakupenda alichokiona.

"Sista, wewe unataka kuwabembeleza kama watoto," Obiero alimjibu. "Wanawake wa hapa hawavuti. Benchi iko tupu, hujaona?"

"Iko tupu kwa sababu wanakudanganya, Daktari."

Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Obiero alimwondoa katika chumba cha wagonjwa na kumpa kazi ya chanjo za vijijini, ili amwone mara chache.

Wakati huo Seline alikuwa akikonda. Hakuweza tena kula kitu cha moto wala chenye pilipili. Aliishi kwa uji uliopoa. Mng'oa meno wa soko la Kibuye alikuwa amemtoa magego mawili mazima na kumpaka dawa ya kuchoma. Sigara hakuiacha, kwa sababu kwa muda mfupi ilimfanya asisikie maumivu. Lornah alimsihi aende kituoni. Alikataa, akakataa, mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba aonwe na Perez peke yake. Lornah alimtajia siku. Bahati mbaya, asubuhi ya siku hiyo Perez alipelekwa na chanjo ng'ambo ya mto, na hakuna aliyemwambia Lornah.

Seline alifika amejitanda leso mpaka puani. Joram hakumjua. Alimnusa, akamshika kiwiko, akamkalisha kwenye benchi la moshi.

Obiero alitoka. Alifurahi kuona benchi lina mtu baada ya muda mrefu, na alianza hotuba yake hata kabla hajaangalia vizuri. Alisema kwamba mwanamke mzima anayenuka tumbaku hana tofauti na jiko bovu, kwamba watu kama hao wanakula dawa ya serikali bure. Yule mwanamke aliinua kichwa. Leso ilishuka. Obiero aliona uso ambao hakupaswa kuutazama, uso wa mama mkwe wake, umevimba shavu moja.

Obiero alikatisha hotuba. Foleni nzima ilikuwa ikitazama, na wengi walimjua Seline ni nani kwake. Sasa nawaambia aliyokuwa akiyawaza, kwa sababu baadaye alimwambia mkewe. Kumhamisha kwenye benchi ilikuwa kukiri mbele ya watu kwamba benchi ni la wasio na ndugu. Kumwambia afungue mdomo, yeye mkwewe, ilikuwa jambo lisilosemeka. Kumwomba Perez arudi ilikuwa kushindwa na Perez. Njia ya heshima ilikuwepo bado: angeweza kumtuma Joram ampandishe mama yule gari la kwenda hospitali kubwa ya Kisumu. Hakuiona. Aliiona aibu yake tu.

Aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Baada ya muda Joram alitoka kutangaza kwamba daktari hatibu tena leo.

Seline aliinuka bila kumtazama mtu. Mwanamke mmoja kwenye foleni alitema mate mlangoni mwa kituo, kisha wengine wakainuka na watoto wao wagonjwa, wakaondoka naye.

Perez aliposikia, hakuja kumtukana Obiero. Alichukua mkoba wake akaenda na Lornah mpaka nyumbani kwa Seline, akaketi chini kwenye mkeka karibu naye. Walizungumza kwanza juu ya bei ya omena na juu ya mvua iliyoharibu mzigo. Halafu Perez akauliza kwa sauti ile ile ya kawaida.

"Mama, moto unaweka nje ama ndani?"

"Ndani," Seline alijibu. "Nje upepo unamaliza."

Akafungua mdomo mwenyewe, bila kuombwa. Perez aliangalia kwa tochi, akamwambia ukweli kwamba kidonda ni kibaya na lazima waende Kisumu. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Njiani na katika siku za kusubiri vipimo, alimwuliza sigara gani inamshinda. Seline alisema ni ile ya alfajiri, wakati wa kutandaza omena. Perez akapanga na jirani yake Nekoye awe anatandaza naye alfajiri hiyo, amzungumzishe, na awaambie wanawake wengine wasimpe kipisi. Mara mbili Seline alianguka. Mara mbili Perez alirudi, akacheka naye, wakaanza tena. Kabla majibu hayajafika, mwanamke aliyevuta tangu usichana alikuwa ameacha. Ilimtosha mtu mmoja wa kumuuliza.

Lakini ugonjwa ulikuwa umemtangulia. Daktari wa Kisumu alisema ni saratani, imekula mfupa wa kaakaa na kuteremka shingoni. Alimuuliza Lornah kwa nini wamechelewa hivyo, na kama kijijini hakuna mtu wa afya. Lornah aliangalia sakafu, akajibu kwamba yupo, ni mume wake.

Obiero alikwenda wodini siku za mwisho. Alisimama mbali na kitanda, mgongo nusu umegeuka, kama desturi inavyotaka, na akapitisha neno kwa mkewe. Alitaka kujua kwa nini mama alijificha, na daktari yumo katika ukoo.

Seline alisema kwa taabu, na Lornah alilazimika kuinama ili amsikie.

"Mwambie mume wako hakuniuliza. Nilikaa nyumbani kwake, nikashindwa kula mbele yake, na hakuniuliza."

Lornah hakuwa na haja ya kulirudia. Obiero alikuwa amelisikia.

Seline alifariki kabla ya mvua kubwa. Siku ya mazishi Obiero alifika na ng'ombe, kama mkwe anavyotakiwa. Watu wa nyumba ile walimpokea ng'ombe. Yeye hawakumpokea.

FUNZO

Enyi wauguzi na matabibu, mgonjwa anayevuta hakuja kwenu kuhukumiwa. Tayari anajua sigara ni mbaya, amesikia kwa mkewe, kwa kanisa na kwa kifua chake mwenyewe. Mkimtukana hataacha kuvuta, ataacha kuwaambia. Muulizeni kila mtu, mwanamke kwa mwanamume, kijana kwa mzee, na mmuulize jinsi anavyovuta, kwa sababu watu wa kila mahali wana namna yao. Fungueni midomo ya watu muangalie. Kaeni chini mtafute naye saa inayomshinda, mshirikisheni jirani yake, mwiteni arudi. Na akianguka, msimwonyeshe uso wa kukata tamaa.

Nasi wengine, kidonda cha mdomoni kisichopona hakifichwi, hata kwa mkwe. Kama desturi inamzuia mtu wako kukuangalia, mwombe akutafutie mwingine. Heshima inayomwacha mama afe mlangoni kwa daktari si heshima, na benchi la moshi linaua kuliko moshi wenyewe.